Banapigana ao banacheza?

Video yenyewe ilikuwa ya dakika 4 hivi. Mdogo wangu anayeishi Brussels aliirusha usiku kwenye kundi la WhatsApp la familia, na Jumapili mchana, tumetoka kanisani na bukari inasongwa, mama akanipa simu yake nimfungulie. Tulikuwa uani, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, chini ya mwembe. Jukwaani kuna wanaume watano, ndevu zimeingia mvi, gitaa zinaning'inia karibu na magoti. Chini yao umati. Mwimbaji anapiga ukelele kama mtu aliyeangukiwa na jiwe mguuni, watu wanarudi nyuma na kuacha duara tupu katikati, halafu muziki unadondoka kwa kishindo na wote wanalivamia lile duara, bega kwa bega, mikono inarushwa. Mmoja anaanguka. Juu ya vichwa unaonekana mkono mmoja umeinua kiatu.

Mama alitazama mpaka mwisho bila kusema neno, akarudisha video nyuma kidogo, akatazama tena. Kisha akauliza: "Banapigana ao banacheza?"

"Banacheza, maman," nikamjibu, nikaenda kunawa mikono. Lilikuwa jibu la mtu mwenye njaa. Mimi napiga gitaa ya solo kwenye kwaya, na kila Jumapili ndiye ninayefunga spika na kuhangaika na nyaya. Kama kuna mtu pale uani aliyepaswa kumjibu mama vizuri, ni mimi. Kwa hiyo nitajaribu tena hapa.

Muziki ule unaitwa metalikoo. Jina limeungwa kutoka kwa wazazi wawili: metali, ile roki nzito, na hadikoo, panki iliyozidiwa na hasira. Kwamba kwa kinywa cha Mswahili linaishia na "koo" ni bahati tu, ila ukiwasikia waimbaji wake utakubali kwamba bahati nayo ina masikio.

Mzazi wa kwanza mtu wa Lubumbashi anaweza kumwelewa bila mkalimani, kwa sababu alizaliwa kiwandani. Mwaka 1965, katika jiji la Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa kwenye siku yake ya mwisho ya kazi katika kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hutumia shoto, kwa hiyo mkono ule ndio uliokuwa ukibana nyuzi za gitaa. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na baadaye akazilegeza ili zibanike kwa urahisi. Uzi ukilegea, sauti inashuka. Kutoka kwenye vidole vile na sauti ile iliyoshuka ikatoka bendi ya Black Sabbath, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, na wengi huhesabu kwamba metali inaanzia hapo. Jiji letu limekua kuanzia 1910 likizunguka tanuri la shaba, na bomba lake la moshi bado limesimama kando ya ule mlima mweusi wa mabaki. Sisi hatuhitaji kuelezwa ni kitu gani hasa kinaweza kumchukulia mtu vidole, na muziki gani unaweza kutoka hapo.

Mzazi wa pili ni wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: vijana wasio na fedha, nyimbo za dakika moja na nusu, mwendo wa kukimbizwa. Watu husahau kwamba kati ya waliouweka msingi huo ni Bad Brains, vijana wote Weusi, wakitokea Washington, na walikuwa wakipiga hadikoo na rege katika onyesho lilelile. Hadikoo ilileta pia maadili yake. Tawi moja lilikataa pombe, sigara na dawa za kulevya kabisa. Bendi ya Earth Crisis ya mji wa Syracuse, ambayo ni kati ya wakongwe wa metalikoo, ikaenda mbali zaidi hata nyama ikaiacha. Nilimtajia mama jambo hili baadaye, kwa kuwa swali lake la pili, lile ambalo kila mzazi wa hapa huliuliza, lilikuwa kama muziki ule ni wa shetani. Wapo wanaopiga metalikoo wakiwa Wakristo na kuimba habari hizo, wapo wasioamini kitu, wapo wanaoimba talaka zao. Ni kama baa na makanisa ya barabara yetu: spika ni zilezile.

Wazazi hao walikutana mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea: Integrity kule Cleveland, Converge kule Massachusetts kuanzia 1990, Hatebreed wa Connecticut kuanzia 1994. Halafu ikaingia damu ya Sweden. Mji wa Göteborg ulikuwa na wapiga gitaa waliojua kuweka melodia tamu ndani ya ghadhabu, na albamu ya At the Gates ya mwaka 1995 ilisikilizwa sana na vijana wa Massachusetts. Mwaka 1999 kikazaliwa kikundi cha Killswitch Engage, katika mji mdogo wa Westfield, jimbo hilohilo. Albamu yao ya 2002 ikaweka kigezo kilichoigwa na mamia: beti zinapigiwa ukelele, kibwagizo kinaimbwa kwa sauti safi ambayo hata kwaya yetu ingeweza kuishika. Ukikuta bendi ya metalikoo inayoitwa kongwe leo, mara nyingi ni ya kizazi hicho au mwaka mmoja miwili baada yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, pale muziki ulipodondoka na watu wakavamia duara. Pale ndipo mama alipoona vita. Mimi naona sebene.

Kila Mkongomani anajua wimbo wetu unavyotembea. Unaanza taratibu, mwimbaji analalamika juu ya mapenzi, watu wamekaa, bia iko mezani. Halafu kuna mgeuko, na hapo sebene inaanza. Gitaa ya solo inashika kifungu kifupi na kukirudiarudia, gitaa nyingine, mi-solo, inaingia katikati yake, ngoma zinabadilika, na hakuna anayebaki kwenye kiti. Tangu bendi ya Zaiko Langa Langa ilipowaingiza maatalaku mwanzoni mwa miaka ya 1980, yupo pia mtu ambaye kazi yake ni kupiga kelele tu: kutaja majina, kuagiza mchezo, kuwasha moto. Beti ni njia ya kufika. Watu walikuja kwa ajili ya sebene.

Metalikoo ina mahali kama hapo, na panaitwa brekidauni. Wimbo unakwenda kasi, unageuka, mwimbaji anatoa neno moja au sentensi moja kwa ukelele, ambayo ndiyo uatalaku wake, na hapo mwili wa kila mtu ukumbini unajua wa kufanya. Wanaokuja na tiketi mkononi wanazijua brekidauni za bendi yao kama sisi tunavyozijua sebene, na wanazingoja. Ndiyo maana duara lile lilifunguka kabla muziki haujabadilika. Mama aliona watu wanajipanga kwa ugomvi. Walikuwa wanajipanga kama wanavyojipanga wacheza dansi wetu wakisikia solo inabadilika.

Lakini ufundi wake umegeuzwa nje ndani, na kwa mpiga gitaa hapa ndipo penye utamu. Sebene huongeza, na brekidauni hupunguza. Katika beti, ngoma ndogo yenye mlio mkali inapigwa mara mbili katika kila mzunguko wa hesabu ya nne. Ikifika brekidauni inapigwa mara moja tu. Hesabu haijabadilika, ukipima kwa saa ni ileile, lakini mwili unahisi kama gari limekanyagwa breki na mizigo yote imekuja mbele. Gitaa zinaacha melodia. Mpigaji analaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi ili zisilie bali zigonge, na anagonga pamoja na ngoma kubwa ya mguu, pigo kwa pigo, bila kupishana hata kidogo. Kisha kimya cha nusu sekunde. Kisha pigo tena. Gitaa za sebene huziba kila tundu; hakuna nafasi ambayo solo, mi-solo au akompanyema, gitaa ya kusindikiza, haijaikalia. Brekidauni inachimba mashimo makusudi, na watu wanaanguka ndani yake.

Uzito nao una hesabu. Uzi mnene wa gitaa ya kawaida hutoa sauti ya takribani hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde. Bendi nyingi za aina hii huushusha mpaka kama hezi 65, ambapo masikio yanaanza kukabidhi kazi kwa kifua. Ni ule ulegezaji wa Iommi, umekuwa kanuni. Nilijaribu siku moja kwenye gitaa ya kwaya, mazoezi yalipokwisha. Nyuzi zetu ni nyembamba mno kwa kazi hiyo, zikawa zinapigapiga kwenye mti kama kamba ya kuanikia nguo, na mlinzi akaja kuuliza kama umeme umeharibu kitu.

Juu ya sauti ya mwimbaji nitasema kidogo, ingawa ndiyo inayowashtua watu zaidi. Ule ukelele si wa mtu aliyekasirika na kusahau kujitunza. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama ambayo katika maongezi hatuitumii. Mwimbaji aliyefunzwa huibana na kuitetemesha hiyo, pumzi ikitoka tumboni kwa kipimo, na nyuzi zenyewe zinapata nafuu. Wapo walimu wa kazi hiyo. Melissa Cross wa New York alitoa mafunzo ya video mwaka 2005, na waimbaji wengi mashuhuri wamepita mikononi mwake. Hata hivyo koo ni koo. Jesse Leach wa Killswitch Engage alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 2018 na ikambidi ajifunze upya namna ya kulitumia. Mchungaji anayehubiri saa tatu bila maikrofoni aelewe kwamba habari hii inamhusu.

Turudi kwenye duara. Wenyewe wanaliita moshpiti, na lina sheria ambazo hazikuandikwa ukutani. Anayeanguka anainuliwa mara moja, na wa karibu wanageuka ukuta mpaka asimame. Asiyetaka kuingia husimama pembeni, na mtu wa pembeni hasukumwi makusudi. Anayepiga kwa nia ya kuumiza hutolewa, mara nyingine mwimbaji mwenyewe akisimamisha wimbo. Kitu kikidondoka, simu, miwani, kiatu, aliyekiokota hukiinua juu ya kichwa mpaka mwenyewe akione. Watu huumia, sitadanganya. Pua hutoka damu na wapo wajinga kama popote penye umati. Lakini mtu aliyewahi kukaa nyuma ya goli pale uwanja wa Kamalondo, timu yetu ya Mazembe ikifunga, hawezi kushangaa sana. Na dunia nzima ilipomwona Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010 akirukaruka uwanjani kwa makalio mbele ya kamera za Kombe la Dunia la Vilabu, wapo waliouliza kama ameumia. Sisi tulijua anacheza.

Mwaka 2013 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti wao wa video za maduara haya. Walikuta kwamba miendo ya watu katika moshpiti, ukiihesabu, inafuata kanuni ileile inayofuatwa na chembe za gesi ndani ya chombo: kila mmoja anagonga na kugongwa, bila mwelekeo. Kuna pia aina nyingine, ambapo wote wanakimbia kulizunguka duara kama kimbunga, na karibu kila mara wanazunguka kinyume na mishale ya saa. Ni watu wazima waliolipa ili wawe gesi kwa saa moja. Napenda kuifikiria habari hiyo nikiwa nimebanwa kwenye teksi ya kwenda mjini.

Hatari iliyo kubwa kuliko kiwiko haionekani kwenye video. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sauti ya ukumbi isizidi wastani wa desibeli 100 katika dakika 15. Kwa vipimo vya usalama kazini vinavyopendekezwa Marekani, desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Zikifika 100 umebaki na dakika 15 tu. Onyesho la namna hii ni la saa moja na zaidi, tena wametangulia wengine wawili watatu wa kufungua. Ndiyo maana wazee wa muziki huu, jukwaani na chini yake, utawaona na vizibo masikioni. Baba yangu alivaa vya namna hiyo kazini miaka yote. Alituletea nyumbani vilivyokwisha, vya njano, tukavichezea, na jioni alikuwa akipandisha redio mpaka mwisho.

Mbona watu wazima wenye mvi bado wanafanya kazi hii? Hapo tena nitamwazima mkubwa wetu kutoka Kinshasa. Bendi ya Wenge Musica ilivunjika mwaka 1997, na kwa miaka 25 Mkongomani alilazimika kuchagua upande, JB Mpiana au Werrason, ndani ya nyumba moja na wakati mwingine ndani ya ndoa moja. Walipopanda jukwaa moja tarehe 30 Juni 2022, katika uwanja wa Martyrs, watu hawakuja kusikia kitu kipya. Walikuja kuona kama ujana wao bado uko hai. Killswitch Engage ina hadithi ndogo yenye umbo hilo. Leach aliondoka 2002, albamu ile kubwa ikiwa ndiyo kwanza imetoka. Akaingia Howard Jones, Mweusi mwenye sauti nzito ya kutosha kuinua paa, akaijaza miaka kumi. Mwaka 2012 Leach akarudi, na tangu hapo kila usiku inambidi aimbe pia nyimbo za mwenzake, mbele ya watu ambao wengine walimpenda Jones zaidi. Katika albamu ya 2019 wawili hao wakaimba wimbo mmoja pamoja. Bendi ingali hai, imetoa albamu nyingine mwaka 2025.

Kwa hiyo ukienda kuwatazama wakongwe, orodha ya nyimbo ni mapatano. Wao wanataka kupiga ya mwaka huu, umati unataka ya 2002 na 2004. Zikipigwa mpya, watu wanakwenda kununua bia. Ikianza ya zamani, wanarudi mbio na glasi mikononi. Wengine wamelimaliza tatizo kwa kupiga albamu moja ya zamani kutoka mwanzo mpaka mwisho, ikitimiza miaka 20. Kuna fulana pia. Mpenzi wa muziki huu ni mtu wa fulana nyeusi, na meza ya kuziuzia karibu na mlango ndiyo inayotia mafuta kwenye basi. Mdogo wangu alikwisha tuma picha ya yake kabla ya video.

Na basi ndilo linaloeleza kwa nini hawaji huku. Bendi ya kadiri ile haiishi kwa onyesho moja kubwa. Inaishi kwa mnyororo. Usiku huu Cologne, kesho Brussels, keshokutwa Paris, miji iliyoachana kilomita 200 au 300, ngoma na amplifaya zikilala kwenye gari lilelile. Lubumbashi ina umbali huo na Kolwezi, na ukipita mpaka wa Kasumbalesa una Chingola na Kitwe za Zambia kama kilomita 200 hivi. Mnyororo mfupi upo, ila kila pete inahitaji ukumbi, mashine ya umeme ya kuaminika na forodha inayokubali kwamba ngoma zilizoingia zitatoka. Jirani zetu hao wa Copperbelt walikuwa na roki yao nzito tayari mwaka 1972, bendi ya WITCH na wenzao, gitaa zimevurugwa sauti mpaka zinanguruma, wakiimba kwa Kiingereza na lugha za nyumbani mbele ya wachimba shaba. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda anayejulikana kama Jagari, baadaye akaenda kuchimba vito, na uzeeni akaamka na kuzunguka dunia na bendi iliyofufuliwa. Mwaka 2023 wakatoa albamu mpya. Botswana nako wako wapenzi wa metali wanaovaa ngozi nyeusi chini ya jua la Kalahari. Sijui joto wanaliweka wapi.

Haya yote nilimweleza mama kwa siku mbili tatu, kwa vipande, nyingine akiwa anachambua sombe na hanisikilizi. La sebene alilikubali upesi. La gesi alilikataa kabisa. Nikamuuliza kama ana swali jingine.

"Ule mwenye kiatu. Balimurudishia?"

Video inakatika kabla. Nikamwandikia mdogo wangu, naye akajibu kwa sauti, huku anacheka, kwamba kiatu kilikuwa chake mwenyewe, cha kushoto. Kilimtoka alipoanguka, jamaa mmoja mkubwa mwenye ndevu akakishika juu mpaka wimbo ukaisha, akapiga goti na kumfungia kamba.

Mama hakucheka. Alikuwa amekwisha kukitambua tangu Jumapili.

"Minajua ni yake. Ni mimi nilimunuliaka ile, ku soko ya Kenya, hapa mu Lubumbashi, mbele asafiri."